Mama Hakai Mezani

Mama yangu hajui kukaa. Kiti kwake ni mahali pa kuwekea vitambaa. Ni fundi cherehani, na nadhani kinachomchosha katika kazi hiyo si kushona bali kule kukalishwa. Akimaliza mshono mmoja anainuka, anachungulia barabarani, anarudi, anapitisha mshono mwingine, anainuka tena. Siku zile chakula kikiiva alikuwa anapakua, anafunika sahani ya Baba, kisha anasimama mlangoni mpaka Baba aingie. Sisi tunakula, yeye mguu ndani mguu nje. Ukimwita mezani anakujibu, "Mtu wangu hajaingia. Nikae vipi?"

Mtu wake alikuwa fundi bomba, na mtaa mzima ulimwita Spana. Hakuna nyumba pale ambayo Baba hakuwahi kulala chali chini ya sinki lake. Hata kanisani kwa Mama walimtegemea. Birika la ubatizo, lile kubwa la saruji, lilikuwa na tabia ya kuvuja, kwa hiyo kila ubatizo ulipokaribia Baba aliingia humo na mabuti yake ya mpira, akasugua utelezi, akaziba nyufa, akajaza maji. Halafu aliweka sikio kwenye bomba kusikiliza kama kuna tone linalopotea. Waumini walipoanza kuingia na nyimbo zao, yeye alitokea mlango wa nyuma, mkoba wa vyuma begani.

"Spana, umeingia kwenye maji haya mara nyingi kuliko mimi," Mchungaji alimtania.

"Ndiyo maana mimi ndiye najua yanavuja wapi," Baba akamjibu.

Mama hakuona cha kuchekesha. Alimwombea mumewe mpaka magoti yakaota sugu. Alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Kuna wakati alikuwa anafungulia redio ya mahubiri kwa sauti ya juu Baba akiwa bafuni amejipaka sabuni, mahali asipoweza kukimbilia popote. Baba alikuwa anatoka akimsifu mhubiri kwamba ana pumzi ndefu.

Sababu ya kukataa kubatizwa Baba aliieleza mara moja tu, akiwa anakaza koki ya jikoni kwetu. Mama yake mzazi alikufa bila kubatizwa. Siku ya maziko mhubiri mmoja alisimama kaburini akatangaza kwamba yule mama yuko motoni, kumwombea ni kujichosha. Baba alikuwa mdogo, ameshika udongo mkononi.

"Hilo jina la Yesu hakuna aliyewahi kumtajia," Baba alisema. "Sasa kosa lake nini? Mlango aliofungiwa mama yangu, mimi siupiti." Kisha akaomba apewe kitambaa afute mikono.

Figo zake zilipogoma, Mama akawa kiguu na njia: nyumbani, wodini, kwa Mchungaji, wodini tena. Hofu yake ilikuwa moja tu, na hakuificha: kwamba Baba atakufa hivyo hivyo na hawataonana tena milele. Mchungaji alikuja hospitali, akakaa kwenye benchi la nje ya wodi. Mama alisimama mbele yake akiviringisha futi yake ya kupimia nguo kidoleni, anaifungua, anaiviringisha.

"Mchungaji, Mungu ana haki?"

"Ana haki, mama."

"Na huruma?"

"Anayo, tena nyingi."

"Basi mbona mimi silali?"

Mchungaji si mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Akikubali, hata kwa kutikisa kichwa tu, mmwagie maji kichwani, inatosha," akasema. "Ila akubali mwenyewe. Rehema hailazimishwi."

Mchana huo Mama alinunua chupa ya maji, akaniambia nivute pazia. Baba alikuwa amelala, midomo imepasuka. Mama akafungua chupa, mkono wake wa kushoto akaupitisha chini ya shingo ya Baba.

"Baba watoto, unanisikia? Mkubali Bwana. Tikisa kichwa tu, basi."

Baba akafumbua macho, akaitazama ile chupa. Kichwa hakikutikisika. Nikaona vidole vya Mama vinakaza pale shingoni, nami nikaelewa. Kichwa kile kilikuwa hakina nguvu. Ungekisukuma kidogo tu kingeinama na kuinuka. Mimi nisingesema neno kwa mtu. Chupa ilikuwa juu ya paji la uso wa Baba.

"Kiu," Baba akasema.

Mama, kwa mkono ule ule, akamwinua kichwa, akamwekea chupa mdomoni. Baba akanywa taratibu, akipumzika kila funda, mpaka maji yakaisha.

"Asante, mke wangu. Hebu kaa kidogo," akasema.

Mama hakukaa. Jioni ile Baba akafariki.

Kesho yake Mchungaji alikuja nyumbani na akina mama wa kwaya. Mama alikuwa amesimama, anakunja shuka ambayo ilishakunjwa. Mchungaji akamwuliza polepole kama mzee alikubali. Neno moja la Mama lingetosha: Baba angezikwa kwa nyimbo, na hakuna ambaye angenong'ona.

"Hakukubali," Mama akasema. "Aliomba maji ya kunywa. Nikampa yote."

Mchungaji akainamisha kichwa. "Tumwachie Mungu, mama."

"Namwachia. Lakini wewe unayesema naye kila siku, mwambie jambo moja. Mimi sijawahi kukaa mezani mtu wangu akiwa nje, na hata huko mbinguni kwake sitakaa. Wengine na wale tu. Mimi nitasimama mlangoni."

Akaiweka ile shuka kwenye kiti, akaenda mlangoni, akachungulia barabarani.