Niliambiwa D, nikasikia E: kilichonipata kwenye harusi ya Gesima

Wakuu, habari za mlipo.

Nimekuwa nikisoma humu kimya kimya kwa muda mrefu, hasa zile nyuzi za vifaa vya muziki. Leo nimeamua kuandika ya kwangu. Majina ya watu nimebadilisha ili tusigombane mtaani. Mengine yote nimeyaacha kama yalivyotokea.

Mimi ni mpiga gitaa. Bendi yetu iko Kisii mjini, na tunapiga harusi, harambee, sherehe za shukrani, wakati mwingine matanga. Leo tuko Mosocho, wiki ijayo Kenyenya, halafu tunapanda Nyamira. Jumamosi mara nyingi tunapigia Wakatoliki. Jumapili ni zamu ya Wasabato, ambao lazima watume mzee mmoja wa kanisa kutuambia ngoma isizidi.

Watu huniuliza kwa nini bado nasumbuka na muziki wa live wakati DJ anakuja na laptop na anamaliza kazi.

Jibu langu ni moja. Kwenye harusi, wakati akina mama wa upande wa bwana harusi wanaingia na zawadi kichwani, kuna yule mama mmoja wa mbele ambaye mguu unamsumbua. Mpiga ngoma wetu anamwona. Anapunguza mwendo kidogo, sisi tunamfuata, na mama anaingia akicheza kama malkia bila mtu kujua kwamba wimbo umemsubiri.

Laptop haiwezi kumwona yule mama. Ndio maana napenda hii kazi.

Halafu kuna vifaa, na hapo mniwie radhi maana mimi ni mgonjwa wa vifaa. Begi langu lina nyuzi za akiba, kebo za akiba, tuner, betri, tape nyeusi, bisibisi, na extension ndefu kwa sababu huku kwetu soketi huwa iko ndani ya nyumba na hema liko chini kwenye migomba. Nina hadi kitambaa cha kupanguza gitaa mvua ya saa nane ikishuka ghafla. Yaani ukiniuliza kifaa muhimu cha mwanamuziki ningekuhubiria mpaka ukimbie.

Na katika hayo mahubiri yote sikuwahi kutaja masikio. Hata mara moja.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Ilianza polepole. Nilikuwa naona gitaa langu limekuwa zito, halina ule ung'avu. Nikabadilisha nyuzi. Bado. Nikabadilisha kebo, nikakopa amp, yaani spika ya gitaa, ya mtu mwingine, bado. Basi nikawa naongeza treble, zile sauti nyembamba. Kila gig naongeza kidogo.

Mwimbaji wetu, Nyaboke, ni dada mtulivu sana, anafundisha shule ya msingi katikati ya wiki. Siku moja aliniambia, "Ndugu yangu, gitaa lako siku hizi linachoma." Nilicheka. Nikamwambia ndio sauti ya kisasa.

Tukapata harusi Gesima. Mnaojua Gesima mnajua ule ukijani, majani chai kila upande, na boma lilikuwa kwenye mteremko mzuri, lango limepambwa kwa migomba na maua. Hema limejaa. Watu walikuwa wamevaa, wacheni tu.

Kabla yetu alipiga mzee mmoja wa obokano, kile kinubi chetu kikubwa cha Kisii kinachonguruma. Nakumbuka nilimsikia vizuri sana. Ile sauti nzito ilikuwa inanipita kifuani. Nikajiambia, unaona, masikio yako yako sawa.

Kumbe tayari nilikuwa nabishana na mtu ndani yangu. Mtu mwenye masikio mazima hajisifu kwamba amesikia obokano.

Zamu yetu ikafika. Bibi harusi alikuwa anakaribia lango, na wimbo wa kumwingiza ungeanza na gitaa langu peke yake. Wimbo huo sisi huupiga kwenye key ya E, yaani noti ya E ndiyo msingi. Siku hiyo Nyaboke alikuwa na mafua, koo limekauka, akataka tuushushe kidogo. Akageuka, akanisogelea upande wa kushoto, akaniambia, "D."

Nikasikia, "E."

Nikaitikia kwa kichwa, E si ndio kawaida yetu? Yule wa kinanda alisikia D. Wa bass alisikia D. Hata Ombati, mpiga ngoma, ambaye hana haja na mambo ya key, alisikia D.

Nikaanza kwa E, kwa madaha kabisa, macho nimefumba.

Bendi ikaingia kwenye D.

Wakuu, kama hamjawahi kusikia hicho kitu, chukueni sufuria mbili mzisugue. Nyaboke alifungua mdomo na hakupata pa kushika. Bibi harusi akasimama langoni. Wale wasichana waliokuwa mbele yake wakicheza wakagongana. Hema zima likageuka kututazama, na mimi bado nilikuwa nauliza kwa macho, nani amekosea?

Nilimkasirikia yule wa kinanda. Nilimnyooshea kidole mbele za watu.

Nyaboke ndiye aliyetuokoa. Aliinua mkono tukanyamaza, akaanza kuimba bila chombo chochote kwa ile sauti yake ya mafua, na akina mama wakampokea kwa vigelegele. Bibi harusi akaingia. Mimi nilibaki nimeshika gitaa kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa wenyewe.

Wakati wa chakula Nyaboke alikuja kuketi karibu nami, sahani yake ya wali mkononi.

"Nilikuambia D," akasema.

"Uliniambia E."

"Nilikuambia D. Na kule Kenyenya nilikuita kwa jina mara kadhaa, hukugeuka. Sikusemi vibaya. Mkono wako hauna shida. Nenda ukapime masikio."

Nilitaka kumjibu vibaya. Sikuweza, kwa sababu ili nimsikie vizuri nilikuwa tayari nimemgeuzia sikio la kulia, na sote wawili tuliliona hilo kwa wakati mmoja.

Nikaenda. Kuna kliniki ya masikio mjini, sitaitaja. Mama mmoja mpole aliniingiza kwenye kachumba kadogo, akanivisha headphones, akanipa kitufe. "Baba, kila ukisikia mlio, hata ukiwa mdogo namna gani, bonyeza."

Tukaanza na sikio la kulia. Nikabonyeza, nikabonyeza. Poa.

Akahamia la kushoto. Nikabonyeza kidogo, halafu ikawa kimya. Nikakaa nikisubiri. Nikafikiri mashine imegoma au stima imepotea. Nikamchungulia kupitia dirisha la kioo nimuulize kama tuendelee.

Alikuwa ameinamisha kichwa anaendelea kupima. Kidole chake kilikuwa kinabonyeza. Kinabonyeza tena.

Milio ilikuwa inalia na mimi sikuwa hapo.

Hicho ndicho kitu kilichonivunja. Siku zote nilidhani mtu akipoteza usikivu anasikia kelele zikififia, kama redio inayopunguzwa. Hapana. Unasikia ukimya, na unaamini ni ukimya wa kweli.

Alinieleza kwa lugha rahisi. Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele kubwa ya muda mrefu huviua, na huanza na vile vya sauti nyembamba: matoazi ya ngoma, ndege, herufi kama s na f, na ule mwanzo wa neno unaotofautisha D na E. Vikifa havioti tena.

"Nani husimama kushoto kwako ukipiga?" akaniuliza.

Ombati. Miaka yote hiyo, toazi la Ombati lilikuwa hapo hapo, kimo cha sikio langu.

Nilifika nyumbani nikamkuta mke wangu, Moraa, anachambua chinsaga. Nikamwambia. Hakushtuka, akaendelea kuchambua ile mboga.

"Baba Brian," akasema, "unafikiri kwa nini nilihama kiti mezani?"

Sikuwa nimewahi kugundua kwamba alihama. Siku hizi huketi kulia kwangu. Zamani aliketi kushoto.

"Ulikuwa unanijibu vitu sijauliza," akasema. "Nilikuuliza kama tutafua, ukaniambia nyama iko kwa friji."

"Na mbona hukuniambia?"

Moraa ametoka familia ya Wasabato wa kweli kweli, na tangu tuoane kwao hawajawahi kupenda bendi.

"Ningekuambia, ungefikiri nimetumwa na kwetu uache muziki," akasema. "Na mimi sitaki uache. Ukikaa wiki mbili bila kupiga hakukaliki nawe."

Tukacheka. Halafu nikalia, wakuu, na sioni aibu kuandika hapa. Nililia kwa sababu nilikuwa nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho niliposikia ndege asubuhi, na sikukumbuka.

Kikao na bendi ndicho kilikuwa kigumu. Sisi hufanyia mazoezi Mosocho, chumba kilicho nyuma ya posho mill, mashine ya kusaga unga. Niliwaeleza yote. Nikaomba radhi kwa yule wa kinanda, akakubali. Nikasema nina mambo mawili: nitavaa vizibo vya masikio, vile vya wanamuziki vinavyopunguza sauti bila kuiziba, na sote tushushe sauti jukwaani.

Ombati aliruka. Ombati ni rafiki yangu tangu sekondari, mtu mkubwa wa mwili na wa kelele.

"Omosani," akasema, yaani rafiki yangu, "sasa unataka nipige ngoma kama ninayempapasa paka? Watu hulipia nguvu!"

"Watu watapata nguvu kwa spika za mbele," nikamwambia. "Mimi naongea juu ya hapa tulipo."

"Basi tafuta bendi ya wagonjwa."

Hilo neno lilikaa hewani. Nikaanza kukunja kebo zangu. Sikuwa na hasira, nilikuwa nimechoka tu, na nilijiambia labda ndivyo kazi inavyoisha.

Nyaboke akasema kwa sauti ya darasani, "Hakuna anayeondoka. Tutajaribu wimbo mmoja. Tukishindwa, mtagombana baadaye."

Tukasogeza ngoma nyuma, mbali na masikio yangu. Amp yangu, ambayo miaka yote ilikuwa chini sakafuni ikipigia magoti yangu muziki, tukaiweka juu ya kreti ya soda na kuiinamisha inielekee usoni. Ghafla nikalisikia gitaa langu vizuri, na nikaweza kushusha sauti karibu nusu. Bass akashuka kwa sababu mimi nimeshuka. Kinanda kikashuka. Ombati, kwa ubishi, akapiga kama kawaida yake kwa ubeti mzima, akajikuta yuko peke yake kama mtu anayepiga kelele kanisani. Akashuka.

Na hapo ndipo tulipomsikia Nyaboke.

Sisi tumepiga na huyu dada kwa miaka. Hatukuwa tunajua kwamba kabla ya kila mstari huvuta pumzi kidogo, na kwamba urefu wa ile pumzi unakuambia mstari unakuja namna gani. Wa bass alinitazama. Tukaanza kuingia naye pamoja, palepale pumzi inapokatika. Hakuna aliyehesabu.

Wimbo ukaisha. Kule mbele, wateja wa posho mill walikuwa wamesimama mlangoni na magunia yao.

Hivyo ndivyo tunavyopiga mpaka leo. Tumefanya harusi, tumefanya shukrani, tumefanya matanga ya mwalimu mmoja huko Nyamira ambapo utulivu ule ulisaidia kuliko nguvu yoyote. Key sasa tunaonyeshana kwa vidole. Mara ya kwanza vizibo vilinisumbua, niliona kama napiga nikiwa ndani ya tangi. Baada ya muda nikazoea.

Sikio la kushoto halijarudi na halitarudi. Siwadanganyi kwamba kuna dawa. Naenda kupima ili nijue kama limeendelea kushuka, na hadi sasa limesimama palepale.

Juzi baada ya sherehe moja tulikuwa tunapakia vyombo mchana kweupe, Ombati akaja akasimama karibu yangu, upande wa kulia, jambo ambalo si kawaida yake. Akashusha sauti, jambo ambalo pia si kawaida yake.

"Ile kliniki," akasema, "wanafungua siku gani?"

Nikamtazama.

"Kuna kengele inalia kichwani mwangu," akasema. "Nikilala, nikiamka, iko tu. Nilifikiri kila mtu anayo."

Tulienda pamoja Jumatatu. Nilimsubiri nje kwenye benchi. Aliyoambiwa ni yake, atayasema akitaka, lakini alipotoka aliniuliza vile vizibo nilivitoa wapi.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Tunaweza kukesha tukibishana amp gani na gitaa gani, lakini vyote hivyo tunanunua kwa ajili ya kitu kimoja ambacho hakina spea. Kama unapiga, unaimba, wewe ni DJ, au unakaa kwenye mixer kila wikendi, nenda ukapime hata kama hujisikii kuwa na shida. Mimi pia sikujisikia nayo. Na kama mtu anayekupenda amehama kiti, muulize kwa nini.

Ninyi wenzangu mnaopiga kwenye mahema na makanisa, mmewahi kupima? Mnatumia vizibo gani, na mliwashawishi vipi wapiga ngoma wenu? Andikeni hapa chini tusaidiane. Swali la kijinga halipo, na nitajibu kila mtu nikitoka mazoezini.