GPS Iliyoitika Jina la Kipkoech

Mama aliniambia nilipozaliwa nilikataa majina matatu. Kwetu mtoto anawekewa ugoro kidogo puani, wamama wanaita majina ya waliokufa kwa ukoo, na lile atakalopigia chafya ndilo lake. Mimi nilipiga chafya kwa la babu. Nakueleza hii kwa sababu ya GPS, kile kifaa cha kuonyesha njia, ngoja tutafika, na ni kweli tupu, niliiona mchana.

Binti yangu Chebet anashindana kwa baiskeli. Mwaka jana ukungu ulimshika ndani ya shamba la majani chai akazunguka mpaka jioni, maana huko kila njia inafanana na nyingine. Nikaogopa sana. Ndugu yangu Kipkoech alipotelea hukohuko tukiwa vijana. Baiskeli yake ilipatikana imeegemea majani chai. Yeye hapana.

Basi nikaenda Kapsoit kutafuta GPS ya kufunga kwa baiskeli. Saa tisa mchana, ukungu umeshuka, nikapata mtu kando ya barabara ana mbili juu ya gunia, kofia imemfunika macho. Moja mpya, kioo kikubwa. Nyingine imekwaruzwa. Nikauliza betri inakaa masaa mangapi, vitufe vinabonyezeka na glavu zenye maji, ramani inafunguka mahali hakuna netiwaki? Chebet ndiye alinifundisha hayo, mimi shule niliachia darasa la tatu. Yeye akanisogezea tu lile gunia.

"Mzee, ita watu wenu waliokufa," akasema. "Itakayolia ndiyo yako."

Nikacheka. Lakini niamini, nikaita. Babu, kimya. Mama, kimya. Nikasema Kipkoech. Ile ya mikwaruzo ikalia, na huyo mtu akaitika, "Niko."

Akainua kofia. Ni yeye, uso uleule wa ujana, na mimi meno yameisha. Wewe ungesema nini? Mimi nilimuuliza tu kama itafanya kazi.

"Itamrudisha mtoto wako nyumbani," akasema. "Mimi sikuwa nayo."

Akaniwekea mkononi, akasimama.

Chebet hajapotea tena. Lakini kila akipita pale baiskeli ilipopatikana, GPS inaandika kwamba amefika. Nimemkataza kuweka mguu chini hapo. Na wewe ukienda kununua, uliza betri, uliza vitufe. Ukiambiwa uite waliokufa, funga mdomo, uchukue ile mpya.

Siku ile Kipkoech aliposimama, nilitaka kumshika koti. Sikumshika. Aliingia kati ya majani chai, hakukimbia, hakugeuka, na hajarudi.