Kifuniko Kilichonikataa

Wewe umewahi kushindana na kifuniko? Usicheke. Mimi nimeshindana na ng'ombe dume ya watu ikiwa ndani ya mahindi yangu na nikaitoa. Nimebeba kahawa kwa mgongo mpaka faktori, mvua ikininyeshea, mimba ikiwa mbele na gunia ikiwa nyuma. Lakini hiyo kifuniko ya dawa ya presha, ile nyeupe, ilinikalisha chini kama mtoto.

Wacha nikuambie vizuri. Nilizaliwa Meru, upande wa Laare, nikaolewa hapa Embu, Manyatta, pale baridi ya mlima inaingia mpaka kwa mifupa. Shule nilienda kidogo. Nilijua kusoma jina yangu, halafu mama akazaa mwingine nikatolewa nikashike mtoto. Kwa hivyo nikikosea Kiswahili utanisamehe, na usiponisamehe nitaendelea tu.

Vidole zangu zimechuma kahawa tangu nikiwa bibi arusi. Sasa zimekunjika, zimekaa kama tangawizi. Kukamua ng'ombe zinaweza, kushika jembe zinaweza, kwa sababu hizo kazi zinazijua. Lakini kitu ndogo ya kufinya na kuzungusha, zinakataa kabisa. Na mimi sizilaumu. Zimefanya kazi yao.

Zamani dawa nilikuwa napewa kwa karatasi ile ya kaki. Unakunjua, unatoa tembe, unakunja, unaweka juu ya kabati. Halafu siku moja nikapewa chupa. Nilifurahi, nikaona sasa nimekuwa mtu wa maana, dawa yangu ina nyumba yake. Nikafika nyumbani, nikachota maji, nikazungusha kifuniko. Ikazunguka. Ka-ka-ka-ka. Nikazungusha tena, ka-ka-ka-ka. Ilikuwa inazunguka bila kufunguka, kama mtu unamuuliza swali na anakujibu "ehe, ehe, ehe" tu.

Nikampigia kitinda mimba wangu. Huyo ni msichana wangu wa mwisho, anafanya kazi ya ofisi huko Embu mjini.

"Mami, unabonyeza chini halafu unazungusha, pamoja."

"Nimebonyeza."

"Bonyeza na uzungushe."

"Nikibonyeza mkono haizunguki, nikizungusha mkono haibonyezi. Kwani unafikiri nina mikono ngapi?"

"Basi ita mtu akusaidie."

Nikaita jirani yangu, mjane kama mimi, tuko naye kwa kikundi ya akina mama. Akashika chupa, mimi nikashika kifuniko, tukavutana kama watoto wakigombania muwa.

"Hii imefungwa na nani?" akaniuliza. "Na polisi?"

"Vuta, wacha maneno."

"Nikivuta zaidi meno itatoka, na nimebaki na za kuhesabika."

Tulijaribu kwa bawaba ya mlango. Tulijaribu na leso yenye maji. Mwisho nikachoka kubembeleza chupa. Nikaiweka juu ya gogo la kupasulia kuni, nikachukua panga, nikaikata shingo kama kuku ya Krismasi.

Tembe ziliruka! Zingine kwa majani, zingine kwa matope, na jogoo akameza moja kabla sijainama. Kesho yake huyo jogoo hakuwika. Alisimama tu pale kwa ua akiangalia mbali kama mzee amestaafu. Jirani akasema presha yake imeshuka.

Sasa nina dawa na sina chupa. Nitaziweka wapi? Huku kwetu unyevu unakula kila kitu. Chumvi inalia, kiberiti inakataa kuwaka, kiatu ikikaa chini ya kitanda inaota manyoya. Nikakumbuka mama yangu. Huko Laare mama alikuwa anaweka mbegu ya njahi, zile nyeusi, na maharagwe ndani ya kibuyu, anachanganya na jivu ya maganda ya maharagwe, ile jivu laini nyeupe. Hakuna dudu inaingia, hakuna maji inaingia, na ikifika mvua anafungua, mbegu iko vile aliiacha. Hata mimi mbegu zangu naziweka hivyo mpaka leo, na zinaota kuliko zile za paketi. Basi nikachukua kibuyu kidogo, nikachunga jivu safi, nikachanganya na dawa yangu, nikafunga na gunzi ya mahindi. Gunzi hiyo unaitoa na vidole mbili, hata ukiwa umelala.

Nilijiona mjanja! Kila asubuhi natoa tembe, naipuliza, fuu, nameza. Nikaanza kuona zinabadilika rangi, zinafura, zingine zinamegeka kwa kidole kama udongo. Nikasema labda ndio zinaiva.

Halafu siku moja niko katikati ya kahawa nachuma, nikaona mistari ya kahawa inanizunguka. Nikakaa chini, nikashika mti. Kikapu ikamwagika. Nilikaa hapo mpaka dunia ikatulia, nikaokota kahawa yangu yote, nikaenda nyumbani na sikuambia mtu. Lakini jirani alikuwa ameniona kutoka kwa shamba yake, na huyo mdomo yake ndio ingepewa kifuniko ya kubonyeza. Jumamosi msichana wangu akafika bila kusema anakuja.

"Dawa iko wapi, Mami?"

Nikamletea kibuyu. Nilikuwa hata na kiburi kidogo. Akamwaga kwa uteo, ikatoka jivu, na ndani ya jivu vitu kama kokoto. Akavua miwani, akapangusa, akavaa tena.

"Mami, hii ni dawa ama ni mbegu?"

"Ni dawa. Nimeihifadhi."

"Ulikuwa unangoja mvua inyeshe ndio uipande?"

Nilitaka kucheka, kwa sababu huo mdomo aliutoa kwangu, lakini nikaona macho yake imejaa maji. Akakaa kwa kiti ya baba yake.

"Imetosha," akasema. "Mwisho wa mwezi unakuja kukaa na mimi. Ng'ombe tutauza. Shamba tutatafutia mtu."

Nataka uelewe hiyo maneno. Kwake nimeshakaa, wakati nilitengenezwa jicho. Ni nyumba nzuri, juu kwa gorofa, na mkwe wangu ni mtu mpole, ananipea chai na mikono mbili. Lakini asubuhi naamka na hakuna kitu inaningoja. Hakuna ng'ombe ya kuniita. Moto unawashwa na kidole. Nikauliza nitapanda sukuma wiki wapi, nikaonyeshwa ndoo. Ndoo! Nilikaa mbele ya televisheni mpaka nikasahau kama ni Jumanne ama Ijumaa, na miguu ikafura kwa kukosa kazi. Na kitu ingine: mzee wangu amelala hapa chini ya migomba, mimi ndio namtolea magugu. Nyumba ya mama ikifungwa "kidogo tu", haifunguliwi tena. Nimeona kwa wengi. Wanatolewa na sanduku moja, wanaambiwa watarudi wakati wa mavuno, na wanarudi kwa jeneza.

Lakini sikubishana siku hiyo. Nilimpikia mukimo, akala, akalala kidogo. Nilijua kliniki ni wiki inayofuata, nikajiambia, nitasemea huko.

Tukaenda, mimi na yeye, kwa kliniki moja ya mjini, sitaitaja. Nesi akanifunga mkono na ile kitambaa ya kupima, ikafura, ikashuka, akaangalia mashine, akaniangalia mimi. Presha ilikuwa juu sana. Msichana wangu akakunja mikono tu. Afadhali angenigombeza.

Tukapanga laini kwa dirisha la dawa. Nyuma yangu wazee wenzangu walikuwa wamejaa kwa benchi, na fimbo zao na makoti. Tukafika mbele. Mama wa dirisha, mtu mzima, mnene, mwenye uso mzuri, akasukuma chupa. Ni ile ile. Kifuniko ile ile nyeupe. Msichana wangu akanyoosha mkono aiweke kwa mkoba wake, na mimi nikaweka mkono yangu juu ya chupa kabla yake.

"Mwanangu," nikaambia mama wa dirisha, "hii siendi nayo."

"Shosho, ni dawa yako."

"Dawa ni yangu. Chupa ni ya nani?"

"Mami, tafadhali," msichana wangu akaninong'oneza. "Watu wanangoja."

"Wangoje. Wengine wao hawana haraka, ni wazee kama mimi."

Mama wa dirisha akaeleza polepole, kama watu wanavyoongea na viziwi. "Shosho, hii kifuniko imetengenezwa hivi ndio watoto wasifungue, wasije wakameza."

"Kwangu kuna mtoto? Mtoto wangu wa mwisho ndio huyu hapa, na ameshaota mvi."

Benchi ikacheka. Msichana wangu akashika nywele.

"Kunja dole gumba," nikamwambia mama wa dirisha. "Zote mbili. Ziweke ndani ya ngumi. Sasa nifungulie na mikono kama yangu."

Alikuwa mtu wa roho nzuri, akakunja. Akajaribu. Ka-ka-ka-ka. Akaibana kwa kifua, akauma midomo, akasukuma, na huwezi amini, akafungua! Hiyo sikuwa nimeitegemea.

"Wewe umekula chapati asubuhi," nikamwambia. "Hiyo ni nguvu ya chapati." Lakini nilijua nimeshindwa, nakuambia ukweli. Nilisimama hapo nikiona gorofa, nikiona ndoo.

Ndio mzee mmoja kwa benchi akaongea. Alikuwa ameshika kofia yake kwa magoti. Hakupaza sauti.

"Mimi niliacha kumeza."

Benchi yote ikamgeukia.

"Uliacha aje, mzee?" mama wa dirisha akamuuliza.

"Hiyo kifuniko. Nilikuwa naomba bibi ya kijana wangu anifungulie. Kila asubuhi naenda kubisha kwa mlango ya mke wa mwanangu, yeye bado hajajifunga leso. Nikaona ni aibu. Kwetu mzee hasimami kwa hiyo mlango. Nikaacha."

"Na ukija hapa tunakupea zingine?"

"Mnanipea. Ziko kwa sanduku."

Mama mwingine kando yake akasema yeye anapasua na jiwe. Mwingine akasema yeye anafunguliwa na konda wa gari, wakitoka hapa, halafu anaenda nyumbani bila kuifunga. Ilikuwa kama kanisani watu wakitoa ushuhuda.

Mama wa dirisha akainama chini ya meza, akatoka na sanduku. Ilikuwa imejaa vifuniko. Vifuniko za kawaida, zile za kuzungusha tu.

"Ziko," akasema. "Mtu akiomba tunampa."

"Na mtu ataomba aje kitu hajui iko?"

Alichukua chupa yangu, akabadilisha kifuniko, akanipea. Nikaweka kiganja juu, hata sikutumia vidole, nikazungusha na mkono wote vile unazungusha jiwe ya kusaga. Ikafunguka. Nikafunga. Nikafungua tena, na nikafunga, ndio benchi yote ione. Halafu akaniambia niiweke juu kabisa, mjukuu akija asiifikie, na dawa isitoke ndani ya chupa yake mpaka saa ya kumeza.

"Na jivu?" nikamuuliza.

"Jivu gani, Shosho?"

Msichana wangu akamweleza. Yule mama alicheka mpaka akapangusa macho. "Wacha jivu na maharagwe," akasema. Halafu akaita yule mzee apite mbele, na hakuna mtu kwa laini alilalamika.

Nje tukakaa kwa ukuta, mimi na msichana wangu. Nilijua haijaisha.

"Mami, sio kifuniko peke yake. Ulianguka."

"Nilikaa."

"Ulikaa kwa kuanguka."

"Nilikaa kwa sababu dawa ilikuwa imeharibika, na iliharibika kwa sababu ilitoka kwa chupa, na ilitoka kwa chupa kwa sababu ya nini? Nihamishwe na ugonjwa, sawa. Mungu akiniita, sawa, nitaenda. Lakini nihamishwe na kifuniko? Nimekataa."

Akavua miwani, akaangalia barabara. Anafanana na baba yake akiwa hivyo.

"Kliniki inayokuja," akasema, "wakikupima na presha bado iko juu, unakuja kwangu na hakuna hadithi."

"Nimekubali."

"Na kila asubuhi unanipigia simu ukishameza."

"Hapo nimekataa. Utapiga wewe. Ni mimi nilikuzaa."

Akacheka, hata kama hakutaka. Nikarudi Manyatta peke yangu, chupa ikiwa ndani ya nguo kifuani kama noti. Nilikuwa na hofu, sitaficha. Nilimeza asubuhi kwa asubuhi, na nikimeza nilikuwa naambia hiyo tembe, fanya kazi, mimi nimefanya yangu.

Kliniki ikafika. Nesi akanifunga mkono, akaangalia mashine, akanifunga tena mkono ule mwingine kwa sababu hakuamini. Ilikuwa imeshuka, ikalala pale inatakiwa. Msichana wangu alisoma hiyo nambari mwenyewe, na miwani na bila miwani. Hakusema mambo ya gorofa, na mimi sikumkumbusha. Tulipotoka aliniuliza kama ng'ombe anakaribia kuzaa, na kama maziwa ya kwanza nitamwekea.

Bado anapiga simu kila asubuhi. Leo amenipata kwa kahawa, kikapu kwa kiuno.

"Mami, umemeza?"

"Nimemeza. Na wewe umekunywa chai?"

"Bado, niko haraka."

"Basi kunywa kwanza ndio uje kuniuliza maneno," nikamwambia, na nikamkatia. Kahawa ilikuwa nyekundu mti mzima, na faktori haingoji mtu.