Mtihani wa Shangazi Youa

Shangazi Youa Thao amekaa kwenye chumba cha mitihani cha shule yetu, hapa Saint Paul, Marekani, miaka kumi na sita. Kila Februari huwaita watoto wetu wa Kihmong, sisi ambao wazee wetu walitoka milima ya Laos, mmoja mmoja, awapime kama wanajua Kiingereza. Mimi napika jikoni, ukuta kwa ukuta na chumba hicho, na mtihani wenyewe unanitia kinyaa.

Mwaka huu aliingia Pajai wa darasa la saba, mtoto wa ukoo wetu. Kazaliwa hospitali ya mtaa wa pili, hata ndoto anaota kwa Kiingereza. Lakini kila mwaka anaanguka sehemu ya kuzungumza, na aliyeanguka hubakizwa kwenye kipindi cha Kiingereza wenzake wakienda karakana kufungua injini. Pajai alikuwa haoni kingine ila karakana hiyo.

"Nishawishi kwa nini shule iwe na bustani," Youa akamsomea.

Pajai akainamisha macho. "Ni nzuri."

"Endelea."

"Ni nzuri, shangazi."

Youa akampa alama moja kati ya nne, kama masharti yanavyotaka, akaituma.

Haikupita dakika mbili, tukamsikia Pajai nje akimchachafya mwenzake, kwa Kiingereza hichohicho. "Toka kwenye kiti. Jana ulikaa wewe, juzi wewe, na huo mguu si mbovu, nimekuona ukiruka kamba. Au nimwite dada yako aseme nani hulilia viti?"

Youa akaenda moja kwa moja kwa Bi Lindqvist, msimamizi wa mitihani. Nikamfuata na aproni yangu.

"Apimwe tena, lakini si na mimi. Mbele yangu hafungui mdomo."

"Tulikuweka wewe makusudi, watoto wajione wako nyumbani."

"Ndiyo hivyo. Nyumbani kwetu mtoto habishani na shangazi yake."

"Alama zimeshakwenda. Na mwakani tutakuongezea watoto wengine, wazazi wanakuamini mno." Akatabasamu. Tabasamu lile lilinichefua kuliko mafuta yaliyochacha.

Matokeo yalipotoka, Pajai alikuja jikoni kumtafuta Youa. "Shangazi, nisamehe. Nimekuaibisha kazini kwako."

"Usiniite shangazi," Youa akasema. "Mwakani ukiingia mle, nibishie. Nitukane ukitaka, ila useme. Umenisikia?"

Pajai akainamisha macho.

"Ndiyo, shangazi."