Mbwa wa Mwenyekiti

Mkunga mstaafu ndiye aliyewapokea duniani nusu ya wanaume waliosimama mbele yake asubuhi ile, na kwa maoni yake wengi wao hawakuwa wamefanya lolote la maana tangu kilio cha siku ya kwanza.

Zamani mbwa alikuwa na kazi. Alilinda zizi, na watoto wake waliwekewa ahadi na majirani kabla hawajazaliwa. Paka alikaa ghalani, akala jasho lake. Siku hizi mtu anachukua mtoto wa mbwa ili apige naye picha. Akikua, anafunguliwa mlango. Akizaa, watoto wanatiwa kwenye mfuko wa saruji na kutupwa jalalani. Mwaka ule mkunga alikuwa ameokota mifuko mitatu, mmoja bado unalia.

Ndipo manispaa ikatangaza kwamba Jumatatu watapita watu wa sumu kuua mbwa. Mkunga aliwafuata ofisini, akang'ang'ana nao mpaka wakakubali kumwacha kila mbwa aliyefungwa kizazi na kukatwa alama sikioni. Akapata na daktari wa mifugo wa kujitolea, kwa Jumamosi hiyo moja tu.

Jumamosi ilipofika, ofisi ya mtaa ilijaa majike. Dume hakuna hata mmoja. Wenye madume walibaki nje, mkono mmoja umeshika kamba, wa pili umekinga suruali, kana kwamba kisu kinawatafuta wao. Walisema mbwa wa mwenyekiti wa mtaa atangulie kwanza. Mbwa huyo ndiye baba wa karibu kila kilichokuwa kikitupwa jalalani.

Mwenyekiti alikuwa mume wa mdogo wa mkunga. Mkunga alimkuta ameweka kiti mbele ya mlango wa bafu, anasoma gazeti la wiki iliyopita. Ndani kulikuwa kunakwaruzwa.

"Shemeji, bafu lako linabweka."

"Mbwa amesafiri."

"Kwa basi gani?"

Mwenyekiti akakunja gazeti na kuanza hotuba. Dume akihasiwa, heshima ya nyumba inakwenda naye, na watu watasema nini. Tangazo la zoezi lile alikuwa amelitia sahihi mwenyewe, na muhuri juu yake.

"Mkeo nimemzalisha mara tano," mkunga akasema, "na sikuona mtu akimfungia bafuni asiumie. Huyu mbwa usipomtoa leo, Jumatatu utamzika na heshima yake yote."

Mdogo wake akatoka jikoni, akamsukuma mumewe kando pamoja na kiti chake, kama mtu anayetaka kufagia, akafungua mlango.

Mbwa wa mwenyekiti alipotolewa mezani na alama sikioni, wenzake wakapangwa foleni. Si kwamba wenye mbwa walikuwa wameelewa kitu. Waliogopa tu kuonekana wamebaki. Mmoja akauliza kama inauma. Mkunga akamwambia asogee, anamzibia mbwa njia. Kinyozi peke yake ndiye aliyeaga, akisema foleni ni ndefu, akarudi nyumbani na mbwa wake.

Jumatatu watu wa sumu walizunguka mtaa mzima wakikagua masikio, na walipata kazi mara moja tu.

Jioni kinyozi alikuja mlangoni kwa mkunga, analia kama mtoto. Mkunga akamsikiliza mpaka akamaliza, akampa koleo la kuchimbia, akafunga mlango.