Bodi Iliyoacha Kunywa Maji ya Namkuyu

Siku yangu ya kwanza kwenye bodi ya shirika letu la kutunza mazingira nilivaa viatu vya ngozi, nikidhani bodi hukaa mezani. Nilikuwa nimestaafu ualimu mwaka uleule, jirani akanipendekeza niwe mjumbe wa kujitolea. Mwenyekiti wa wakati huo, bwana misitu mstaafu, aliviangalia viatu vyangu akacheka. Akatushusha kwa miguu katikati ya mashamba ya ngoro, yale mashimo ambayo sisi Wamatengo huchimba mteremkoni ili mvua isiondoke na udongo, mpaka kwenye chemchemi ya Namkuyu, upande wa Matiri.

Palikuwa na mikuyu mikubwa na mama mmoja akichota maji. Huyo ndiye Mama Agatha, ambaye kwao wamelima bonde lile tangu enzi za bibi yake. Mwenyekiti akatoa kikombe cha bati mfukoni, akachota, akanywa, akanipa.

"Kunywa, Mwalimu. Hapa hatufungui ajenda kabla ya kunywa. Ukiogopa maji unayoyalinda, rudi ukapumzike nyumbani."

Halikuwa jambo la mzaha. Lilikuwa ndani ya katiba yetu: mkutano mkuu wa mwaka utafanyika kwenye chanzo, na kila mjumbe atakunywa.

Baada ya miaka michache wakanifanya katibu. Katibu huhakikisha akidi, yaani wajumbe wa kutosha kufanya uamuzi. Huandaa yatokanayo, yaani mambo ya kikao kilichopita yaliyopaswa kutekelezwa. Zaidi ya yote huandika muhtasari. Kisichoandikwa kwenye muhtasari hakikutokea, na kilichoandikwa, hata kama ni uongo, kilitokea. Hilo nililijua vizuri, ndiyo maana hasira yangu nyingine ni juu yangu mwenyewe.

Mwenyekiti yule alipougua aliniachia kikombe chake. Alipofariki tukapata wa pili, ofisa mstaafu aliyependa kumbi zenye viti vilivyovikwa vitambaa. Vikao vikahamia hotelini Mbinga mjini, na hata mkutano mkuu ukafanyika hukohuko. Maji tukanywa ya chupa. Nilinung'unika, lakini nilikaa kwenye kiti changu kama wenzangu.

Mwaka mmoja upepo uliangusha mikuyu miwili ya Namkuyu. Mratibu, mwajiriwa wetu pekee, akaleta pendekezo la kupanda mikaratusi kuzunguka chemchemi, kwa kuwa inakua haraka na wafadhili walitaka miti itakayoonekana kwenye picha mapema. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mkaratusi unakunywa kuliko ng'ombe. Haupandwi kwenye chanzo. Mtoto wa darasa la nne analijua hilo."

"Mwalimu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akajibu. "Wajumbe, tupitishe kwa makofi."

Kupitisha kwa makofi ni ugonjwa wa vikao vyetu. Anayepinga huweka mikono magotini, na hakuna anayemhesabu. Mimi niliweka mikono magotini, na mkulima mmoja kutoka Ruanda, kata ya hapahapa Mbinga, akafanya hivyohivyo. Wengine walipiga makofi huku wakitazama mlango chakula kinakotokea.

"Andika, wajumbe wote waliafiki," Mwenyekiti akaniambia. "Tusiaibishane mbele ya wafadhili."

Nikaandika, nikasaini. Nilijiambia kuwa ni heshima, kumbe ulikuwa woga tu.

Mikaratusi ikastawi kweli, na picha zikapendeza. Chemchemi ikaanza kutoa uzi wa maji, halafu tope. Mama Agatha akaja kwangu na ndoo tupu. Akina mama wa bonde zima sasa walikuwa wakishuka mpaka mtoni na kupanda tena kilima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Eti karatasi ya ile miti ulisaini wewe?"

"Nilisaini, mama."

Akachukua ndoo yake akaenda. Angenitukana ningepata nafuu.

Ndipo nikaifungua katiba, ambayo hakuna aliyejisumbua kuibadilisha, nikaitisha mkutano mkuu Namkuyu. Walikuja, wengine wakishikana mikono wasiteleze. Mama Agatha na wenzake walikuwa wamekaa kwenye mawe wakitusubiri. Mwenyekiti alitazama lile tope, akamgeukia Mama Agatha kwa sauti ya upole.

"Mama, maji yakishamwagika hayazoleki. Tutazame mbele."

"Hayakumwagika, Mwenyekiti. Yamenywewa na miti yenu."

Mwenyekiti akafungua chupa yake, akapiga funda, akaninong'oneza, "Katibu, andika kwamba wajumbe walikunywa kama kawaida."

"Walikunywa nini?"

"Maji. Katiba haisemi maji gani."

Nimefundisha watoto watukutu miaka mingi, lakini sijawahi kusikia jibu la ufidhuli kama lile. Nikaandika mbele yake, kwa mwandiko wa ubaoni: Wajumbe hawakunywa. Chemchemi imekauka. Bodi ndiyo iliyoikausha, na katibu alisaini. Nikaweka sahihi, nikamkabidhi daftari, nikajiuzulu palepale.

Sasa nimestaafu mara ya pili. Kwa idhini ya serikali ya kijiji, mimi na akina mama wa bonde tumeikata ile mikaratusi, na kila inapochipua tunarudi na mapanga. Mkuyu hupandwa kwa kuchimbia tawi nene ardhini. Tumechimbia mengi, na mawili yametoa majani. Maji bado.

Juzi mjumbe mpya wa bodi alikuja kuniomba kile kikombe cha bati. Wanataka kukiweka kwenye kabati la vioo ofisini, wageni wakione.

"Kawaambie waje wakichukue Namkuyu siku Mama Agatha atakapoweza kukijaza," nikamwambia. "Mpaka siku hiyo kitakaa jikoni kwangu, kikavu."