Vipimo vya Mzee Kigen

Brigid Nasambu alitoka Kimilili na cheti cha utunzaji wa rekodi na sanduku moja la nguo. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa kwenye dirisha la faili la hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret, na wagonjwa walimpenda kwa kuwa hakuwahi kupoteza karatasi ya mtu. Aliyemzoea zaidi ni Mzee Kigen, mkulima wa mahindi kutoka Moiben, mgonjwa wa kisukari aliyekuja kliniki kila mwezi amevaa koti hata jua likiwaka. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hivyo Brigid ndiye aliyemsomea majibu.

Mwezi wa Aprili mashine ya kupima figo iliharibika. Bima ililipia kipimo hicho kila mwezi, na Zachariah, meneja wa madai ya bima, hakutaka malipo yakatike. Alimwambia Brigid anakili majibu ya kila mgonjwa ya mwezi uliopita, abadilishe tarakimu moja moja tu, mpaka fundi aje. Brigid akauliza kama daktari anajua. Zachariah akasema daktari husoma kilichoandikwa. Nje ya lango walikuwepo wengi wenye vyeti kama chake, wakitafuta kazi, na nyumbani watoto wake walimtegemea. Akaandika.

Fundi hakuja. Mei akaandika, Juni akaandika, mkono ukazoea.

"Nisomee, mwanangu," Mzee alikuwa akisema.

"Figo ziko sawa, Mzee."

Naye alimshukuru Mungu, akaenda zake.

Oktoba hakuonekana. Alikuja binti yake, Jebet, mwalimu wa shule ya msingi. Alieleza kwamba baba amevimba miguu na uso, yuko hospitali nyingine akisafishwa damu, na madaktari wa huko hawaelewi jinsi figo zilizokuwa nzima Septemba zimekufa Oktoba. Walitaka faili yake yote. Zachariah alikuwa ameshaagiza kwamba akija mtu wa familia hiyo, aambiwe faili imepotea.

Brigid aliitoa, akaiweka kaunta.

"Usiwaache madaktari waamini hizi namba," alisema. "Hakuna aliyempima. Niliandika mimi."

Jebet hakupaza sauti. Aliikumbatia ile faili kifuani.

"Na ni wewe ulikuwa unamsomea?"



Mzee Kigen alifariki Novemba. Kufikia siku ya mazishi Brigid alikuwa ameshafutwa kazi. Alienda polisi mwenyewe, akaandikisha taarifa, na wapelelezi wakagundua wagonjwa wengine zaidi ya sitini walioandikiwa vipimo hewa. Alishtakiwa pamoja na Zachariah. Wakili alimshauri aseme alilazimishwa. Mahakamani alisema aliagizwa, ila hakuna aliyemshika mkono. Hukumu bado haijatoka. Kanisani watu humsalimu kwa ncha za vidole tu.

Jebet alimpigia simu mara moja, Jumapili moja mchana. Hakusalimia. Alitaka kujua kipimo cha mwisho cha kweli kilikuwa cha lini.

"Cha Machi," Brigid alisema.

Jebet akasema, kwa sauti ya chini, kwamba daktari amewaambia kama angepimwa kweli ugonjwa ungeonekana Juni, na dawa na mlo vingemwongezea baba yao miaka. Alitaka tu Brigid naye ajue. Akakata simu.

Brigid alibaki ameketi kitandani, simu sikioni, watoto wake wakimwita wale chakula.